Majani Niliyoyapa Jina Lisilo Lao

Mwanangu Thuraya,

Salamu za mbele ya watu tutapeana kesho uwanja wa ndege, na dua za safari bibi yako keshazisoma zote na bado atazirudia. Mie nnakuandikia yale ambayo mdomo wangu haujapata kuyatoa. Saa hizi ni baada ya sala ya alasiri. Wewe na baba yako mmekwenda Madinat Sultan Qaboos kumuaga shangazi yako, nami nimesingizia kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Nlitaka saa mbili za peke yangu na meza hii ya jikoni.

Koti unalo, dawa ziko mfuko wa pembeni, na kupika utajifunza kwa njaa kama tulivyojifunza sote. Hayo siyaandiki. Nnataka kukwambia khabari ya majani.

Nnajua umecheka. Ulipokuwa mdogo mliulizwa shuleni mama zenu wanafanya kazi gani, ukasema, "Mama yangu anaangalia majani yaliyokufa." Mwalimu akanipigia simu kwa wasiwasi. Lakini ulisema kweli. Miaka ishirini na nne nimekaa kwenye chumba kisichokuwa na dirisha, baina ya makabati ya chuma. Kila kabati limejaa karatasi ngumu, na kila karatasi imeshonewa mmea mmoja mkavu, na pembeni pana kibandiko: jina lake, ulichumwa wapi, nani aliyeutambua. AC ya chumba kile haizimwi, maana joto huleta wadudu. Ndiyo sababu mwezi wa sita, Maskati nzima inaungua, mie hutoka nyumbani na sweta mkononi.

Aliyenifundisha kazi ni mzee wa Kisudani, Dokta Idris. Alikuwa na tabia iliyokuwa ikinikera. Ukimpelekea mmea ukamtajia jina, hajibu. Anasema, "Sikukuuliza jina. Niambie umeona nini." Basi unaanza: majani membamba, fundo lina manyoya, mashuke matano. "Endelea." Unaendelea mpaka huna tena la kusema, ndipo anakwambia, "Sasa nipe jina." Alipostaafu akarudi kwao, tabia ile ikaondoka naye, na mie nkabaki na sifa. Mtu akiwa na mmea haujui, anaambiwa, mpelekee Zeyana, yeye akiutupia jicho mara moja tu keshaujua. Nliipenda sana sifa ile ya jicho moja.

Na kuna jingine lazima ulijue, bila ya hili hutanielewa. Bibi yako alifika nchi hii kutoka Unguja nami nikiwa mchanga mikononi mwake. Kiarabu nimekisoma hapa, shule nimesoma hapa, pasi yangu ni ya hapa. Lakini siku moja mwenzangu kazini alinisikia nazungumza na bibi yako kwenye simu, akasema huku anacheka, "Nyie watu wa Zinjibar karafuu mnazijua. Majani ya Oman mtayajulia wapi?" Ni mzaha. Nami nkacheka. Lakini siku ile nkaapa moyoni kwamba sitakosea jani la nchi hii, hata moja. Mtu aliyeapa hivyo, mwanangu, siku akikosea anakuwa hana pa kwenda.

Ulikuwa na miaka sita. Ofisi ilikuwa na mpango wa kurudisha malisho kwenye bonde moja la milimani, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Mbuzi walikuwa wamelila bonde lile mpaka yakabaki mawe. Majani ya asili ya pale ni nyasi ndefu, mashina yake yakiwa machanga yana rangi ya buluu inayoingia kwenye zambarau, kama mshipa wa mkononi. Juu yanatoa mashuke membamba yaliyosimama pamoja kama vidole, na kwenye kila fundo la shina pana pete ya manyoya meupe. Mbuzi wanayapenda, na mizizi yake inashika udongo mvua ikiteremka. Ikaamuliwa yapandwe upya. Mbegu zikaletwa kwa magunia kutoka nje, na pamoja nazo mashina machache yenye mashuke, ili mtu wetu athibitishe kama ndiyo yenyewe kabla hazijamwagwa. Mtu wetu nlikuwa mimi.

Sasa yako majani mengine, si ya bonde lile, ni ya kuja, ndugu wa karibu wa haya ya kwetu. Buluu ile ile. Vidole vile vile. Na pete pia yanayo. Tofauti yake iko mahali padogo mno: kila punje kwenye shuke ina kijiti kinachosimama ubavuni mwake, chembamba kama uzi. Kwenye majani ya kwetu kijiti kile kimejaa, hakipitishi mwanga. Kwenye ya kuja, ukikiinua mbele ya taa unaona mstari katikati, mwangavu kama kioo. Na ukiyasugua mashuke yake vidoleni yanatoa harufu kali kama ya dawa. Harufu hiyo mbuzi hawaitaki.

Ilikuwa Alkhamisi mchana. Mbegu zilikuwa zimwagwe Jumapili, wageni walishaalikwa. Mkurugenzi akasimama mlangoni na fomu mkononi.

"Ndiyo yenyewe?" akauliza.

Nkachukua shina moja, nkatazama fundo, nkaona pete. "Ndiyo yenyewe."

"Mashallah," akasema, "jicho."

Nkatia saini. Shina lile nkalishona kwenye karatasi, nkaandika jina, chini nkaandika langu, nkaliweka kabatini. Taa ilikuwa pale pale mezani, kuiwasha ni kubonyeza tu. Sikuiwasha. Ningependa kukwambia kwamba nlikuwa na haraka ya kuja kukuchukua shule, lakini siku ile baba yako ndiye aliyekuchukua. Sikuwa na haraka yoyote. Nlipenda kujibu upesi mbele ya mtu.

Mwaka uliofuata, mvua ilipokwisha, nkapelekwa bondeni kuangalia. Mbegu zilikuwa hazijasambaa sana, zimeshika zaidi upande wa mtaroni, maji ya mvua yanakopita, lakini pale zilipoota zilipendeza. Dereva akashuka kupiga picha. Mimi nkaona mama mmoja anateremka kutoka nyumba za juu, fimbo mkononi, mbuzi wake kama arubaini nyuma yake. Jina lake Shamsa, nami nkamwita Khalti, kama mama yangu mdogo. Akanisalimia kwa Kiarabu cha milimani, akaniuliza khabari za nyumbani na za watoto, kisha akaashiria mtaro kwa fimbo.

"Binti yangu, haya sio majani yetu."

"Ndiyo yenyewe, khalti. Tazama pete kwenye fundo."

"Pete naiona. Lakini mbuzi wangu wanayanusa, kisha wanapita."

"Watayazoea."

"Majani yetu nimeyakata tangu sijajua kusali," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekwambia kwamba umeingia nyumba siyo.

Na mimi, Thuraya, mzaha wa karafuu ukanipanda kichwani. Nkajiona nimesimama mbele ya mwenye nchi, ananiambia siijui nchi. Nkatoa kioo cha kukuzia mkobani nkampa. "Khalti, hii ndiyo kazi yangu," nkasema. "Nimeisomea."

Akakipokea. Akakigeuza, akakitazama kile kioo chenyewe, wala hakulitazama jani. Akanirudishia. "Kioo chako kizuri," akasema, akawafuata mbuzi wake.

Tukarudi Maskati. Nlifika ofisini wenzangu wamekwishatoka. Nkafungua kabati, nkatoa karatasi yangu, nkaitazama. Umeona nini, Zeyana? Nkachomoa kijiti kimoja kwa koleo, nkawasha taa, nkakiinua.

Mstari ulikuwapo. Mwangavu, umenyooka kutoka chini mpaka juu, wala hukuhitaji jicho la sifa kuuona. Mtoto angeuona.

Mlango wa chumba kile hujifunga wenyewe nyuma ya mtu. Nimeusikia mara elfu na sikupata kuujali. Siku ile ukajifunga, nkausikia.

Nyumbani nkamweleza baba yako. Tulikuwa ndo kwanza tumehamia hapa Mabela, kuta bado zinanuka rangi, na wiki ile ile nlikuwa nimeambiwa kwamba nitafanywa mkuu wa kitengo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Usivunje nyumba kwa majani, Zeyana." Usimchukie kwa neno hilo. Ningetaka kuambiwa nikaseme, ningemuuliza bibi yako. Nlimuuliza yeye kwa sababu nlijua atanijibu nini.

Kusema kulikuwa na siku yake, na siku yake ilikuwa kesho yake asubuhi. Kesho yake ikapita. Wiki ikapita, nkawa na makosa mawili, la kwanza la kutotazama na la pili la kunyamaza, na la pili ndilo lililokuwa zito, kwa sababu lile la kwanza nlilifanya bila ya kujua. Mwaka ukapita, nkatakiwa niandike ripoti. Nkaandika kwamba majani yanastawi vizuri. Haikuwa uongo, yalikuwa yanastawi vizuri mno. Yalitoka mtaroni yakapanda ubavu wa bonde, na kila yalipofika, yale machache ya kwetu yaliyokuwa yamejificha baina ya mawe yakasongwa. Nkapongezwa. Mwaka wa pili nkaandika tena. Ikawa kila ripoti inanifungia mlango wa ile iliyopita.

Nlifikiria kuacha kazi. Lakini nikiondoka, karatasi ile itabaki kabatini na jina langu, na hakuna atakayejua aiangalie upya. Nikibaki, nakaa nayo chumba kimoja. Wewe ukinikuta jikoni nimesimama na kijiko mkononi, chungu kinaungua, ukiniuliza, "Mama, uko wapi?" nlikuwa nipo pale kabatini.

Na kosa likianza kufundisha wengine huwezi tena kulishika mkia. Aliletwa dada mmoja kutoka Nizwa, Badriya, msichana makini. Siku moja akaja na mmea kutoka bonde jingine, anasema, "Nimelinganisha na karatasi yako, Bi Zeyana, hazifanani. Wa kwangu kijiti chake kimejaa. Wa kwako una mstari." Alikuwa na ya kwetu mkononi, halisi, ameyatambua mwenyewe. Nkamwambia, "Hiyo tofauti ndogo isikushughulishe, mmea mmoja huja kwa sura nyingi." Akaniamini. Akachukua kalamu akaandika nilivyomwambia. Nkamtazama mkono wake unavyoandika, nkaenda msalani nkafungulia maji ili nisisikike.

Miaka saba baada ya kupanda, Jumamosi moja, nkamwambia baba yako nakwenda kwa rafiki yangu. Nkaendesha peke yangu mpaka bondeni. Khalti Shamsa alikuwa amekaa kibarazani kwake. Mbuzi wamebaki wanne, wamefungwa, wanalishwa majani makavu yaliyoletwa kwa gari. Bonde lote chini yake lilikuwa limejaa majani yale, marefu, yameiva rangi, na hapakuwa na mnyama hata mmoja ndani yake.

Akanikaribisha. Akaweka tende, akanimiminia kahawa. Nkamwambia kabla sijainywa.

"Khalti, majani yale ulisema kweli. Sio yenu. Mimi ndiye niliyekosea."

Akatabasamu, mwanangu. Akanipigapiga goti. "Nimejua tangu mvua ya kwanza," akasema. "Nlikuwa nangoja na wewe ujue. Mtu hujifunza. Mungu akusamehe, kunywa kahawa yako."

Hapo ningeweza kunyamaza. Alikuwa ameshanisamehe. Ningekunywa kahawa ile, nkarudi Maskati mwepesi. Lakini alinisamehe ujinga, na mimi sikuwa mjinga. Nlikitazama kikombe, nkajua kwamba nikikinywa nitakuwa nimemdanganya mara ya pili, tena ndani ya nyumba yake.

"Nlijua mwaka ule ule," nkasema. "Siku ile ile uliyonambia, jioni yake, nkatazama nkajua."

Mkono wake ukaondoka gotini pangu. Akaligeukia bonde. Kisha akasema, polepole, kama anayepiga hesabu ya siku, "Mwaka ule yalikuwa mtaroni tu. Ungenambia, mimi na wajukuu zangu tungeyang'oa kwa wiki moja."

Wiki moja, Thuraya.

Nkalia. Hakunibembeleza, na alifanya vizuri. Nilipomaliza akauliza, "Na ofisini kwenu, umewaambia?"

"Bado."

"Basi hujanambia kitu."

Akanisindikiza mpaka kwenye gari, kwa sababu ni mtu mwenye adabu zake. Hakuniambia nirudi.

Hiyo ni miaka mitano sasa. Neno lile "bado" nimelala nalo na nimeamka nalo. Nimepata kuandika barua ya kukiri, nkaichana. Nimepata kusimama nje ya mlango wa mkurugenzi, akatoka, akanambia, "Zeyana, kheri?" nkamwambia nimekuja kuuliza khabari za likizo. Unaniona mama yako anayejua kusema na kila mtu. Kwa neno hili moja nimekuwa bubu miaka kumi na moja.

Kwa nini nakwambia leo, na wewe una begi lako mlangoni? Kwa sababu ya Ijumaa ile barua yako ya chuo ilipokuja. Tulikuwa mezani. Baba yako akaisoma kwa sauti, udaktari, Ireland, na machozi yakamtoka, na bibi yako akapiga kigelegele. Wote wakakutazama. Na wewe ukasema, "Sawa."

Mimi sawa ile nnaijua. Ilitoka upesi mno. Wiki mbili kabla yake ulikuwa umekaa na mimi kwenye ngazi unanieleza jinsi unavyotaka kusomea kuchora ramani, umenionyesha ramani ya mtaa wetu wa Mabela uliyoichora mwenyewe, nyumba kwa nyumba, hata zile zisizokwisha kujengwa. Sikusikia tena khabari ya ramani baada ya Ijumaa ile. Nami sikukuuliza. Nimekuona miezi mitatu unatabasamu kwa kila mtu anayekuja kukupongeza, na nimenyamaza, maana kunyamaza ni kazi niliyoizoea.

Huenda nimekosea. Huenda udaktari unautaka kweli, na mimi ninakutazama kwa kioo cha makosa yangu. Sikuambii usiende. Sikuambii baba yako kakulazimisha, hakukulazimisha, alifurahi tu, na furaha ya baba ni nzito kuikataa kuliko amri yake. Ninalokwambia ni hili. Ukifika huko, ukakaa mwezi, ukajitazama ukaona kwamba hapo siyo pako, nambie mwezi huo. Usingoje mtihani. Usingoje mwaka wa tatu, wala usingoje uwe daktari watu wakuamkie kwa jina ambalo si lako. Kwa sababu kila siku utakayongoja utajiona kama unawahurumia wengine, na kumbe unajenga chumba, na siku ya kutoka utakuta mlango uko upande mwingine wa ukuta.

Baba yako atakasirika. Hasira zake mimi nnazijua urefu wake, huwa zinaisha. Mtu anayezeeka na sawa yake kifuani, huyo simjui anaisha vipi. Nusura niwe ndiye.

Na kama ni kweli unautaka, basi soma kwa moyo, na siku utakapokosea, maana utakosea, na wa kwako hawatakuwa majani, mwambie mgonjwa wako siku ile ile.

Leo nimeandika barua mbili. Hii ni ya pili. Ya kwanza ina mistari minne tu, ya mkurugenzi, na nimeitia mkobani pamoja na ile karatasi yenyewe, nimeitoa kabatini jana. Nimeandika jina la kweli la majani yale, nimeandika siku niliyojua, na nimeomba Badriya aambiwe kwamba alikuwa sahihi. Huenda wakanifukuza. Huenda wakanisamehe, jambo ambalo nalikhofia zaidi. Bonde halitarudi kwa barua ile. Lakini wako watu wengine wanaotaka kupanda mbegu zile zile kwenye mabonde mengine, na wataangalia kabatini kwetu kabla ya kuagiza.

Asubuhi nlimwambia baba yako kwamba kesho tukishakusindikiza sitarudi nyumbani, anishushe kazini.

Akaniuliza, "Siku ya mwanao kusafiri?"

Nkamwambia ndiyo, na nkamwambia nakwenda kwa ajili gani.

Akavua miwani yake, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaifuta tena. Nlidhani atanambia khabari ya nyumba. Akaivaa. Kisha akauliza, "Nikungoje nje?"

Nimemwambia angoje.

Mama yako,
Zeyana